Kikulacho Tairi ki Uvunguni

Yeyote apitaye Waiyaki Way jioni, kutoka Westlands kuelekea Kangemi na Uthiru, hakosi kuyaona magari madogo yaliyoteremshwa hata tumbo likakaribia kugusa lami. Vijana wetu huyaenzi. Sina ugomvi na mapambo. Binadamu hupamba hata mpini wa jembe. Ugomvi wangu ni na jambo lisiloonekana: tairi linaloisha upande wa ndani ilhali upande wa nje ungali na mifereji yake yote.

Mafundi wa Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi wangali wakiiita Grogan, hunena kwa ufupi: "Gari linakula tairi." Mimi mwanaisimu nausifu usemi huo. Wenye magari husema tairi "limelika", na kauli hiyo ya kutendeka haidai mtenda. Ni kana kwamba tairi lilijiishia lenyewe. Fundi amemtaja mlaji. Na mlaji naye ana aliyemtuma.

Tufafanue. Gurudumu hushikiliwa na mikono ya chuma iliyopimwa kwa kimo kile alichokikusudia mtengenezaji. Gari literemshwapo, mikono hiyo hubadili mwelekeo. Aghalabu sehemu ya juu ya gurudumu huinamia ndani, na uzito ukauelemea ukingo mmoja. Isitoshe, magurudumu ya mbele huweza kuacha kuelekea sambamba. Kila moja hutazama pembeni kidogo, likawa linaburutwa huku likizunguka. Mburuto huo huumaliza mpira upesi kuliko ule mwinamo.

Wapo pia wanaozikata springi kwa msumeno ili waokoe fedha. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, na gurudumu linaponing'inia baada ya kuruka tuta, yaweza kuchomoka mahali pake.

Msomaji atauliza: tairi si la mwenyewe? La mwenyewe ni bei yake tu. Mvua inyeshapo, mifereji ndiyo iyatoayo maji chini ya tairi. Ikikosekana, gari huelea wala halisikii usukani wala breki. Ukingo uliolika hadi nyuzi huweza kupasuka ghafla. Mwenda kwa miguu atembeaye kando ya Naivasha Road hakuombwa ushauri springi zilipokatwa.

Tiba ipo. Gari likiisha kuteremshwa na springi zikatulia, lipelekwe kwenye mashine ya alainmenti, magurudumu yapimwe upya kwa kimo hicho kipya. Katika magari mengi mwinamo haurekebishiki bila bolti au mikono maalumu. Hiyo nayo ni sehemu ya gharama. Kuyabadilishana matairi nafasi kila mara hakuponyi. Ni kugawanya madhara kwa usawa.

Aidha, dereva asiridhike na akionacho akiwa amesimama kando ya gari. Na azungushe usukani hadi mwisho, azime injini, achungulie ukingo wa ndani na kuupapasa kwa tahadhari, kwani nyuzi za chuma hukata vidole. Afisa wa trafiki naye akague huko huko.

Asiye na fedha za kupimisha magurudumu hana fedha za kuteremsha gari. Na aliache katika kimo chake.