Skrini Inasema 37.5, Mayai Yako Kwenye 34.5

Tuseme uko Bariadi, umetengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga: boksi, balbu, feni ndogo, Arduino Uno na kihisi joto cha LM35. Skrini inaonyesha 37.5, joto zuri kabisa kwa mayai ya kuku. Siku 21 zinapita, mayai kimya. Kabla hujamlaumu jogoo, kagua hiyo namba.

Uno haipimi joto moja kwa moja. LM35 inatoa milivolti 10 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Uno inalinganisha volti hizo na umeme unaoiendesha, kisha inatoa namba kati ya 0 na 1023. Programu nyingi huandikwa kwa kuamini kwamba umeme huo ni volti 5 kamili. Je, umewahi kuupima? Chaja hafifu au waya wa USB mrefu na mwembamba unaweza kuushusha hadi 4.6, hasa kama feni nayo inakula humohumo.

Sasa piga hesabu. Joto halisi likiwa 34.5, LM35 inatoa milivolti 345. Gawanya kwa 4,600, zidisha kwa 1024, unapata kama 77. Programu inayoamini volti 5 inasoma 77 hiyo kuwa digrii 37.5 hivi. Mayai yamepungukiwa digrii 3, na hakuna taa ya onyo itakayowaka!

Ufanyeje?

1. Weka multimita kati ya pini ya 5V na GND huku feni na balbu vikiwa vimewashwa. Ikisoma chini ya 5, umeshampata mwizi.

2. Achana na kipimo kinachoyumba. Ndani ya Uno kuna volti 1.1 isiyofuata kupanda na kushuka kwa chaja. Andika analogReference(INTERNAL) mwanzoni, tupa vipimo vichache vya kwanza, kisha tumia: namba × 110.0 ÷ 1024. Usiandike 110 tupu. Namba kamili za Uno zinaishia 32,767, hesabu itafurika.

3. Hiyo 1.1 nayo hutofautiana: chipu moja inaweza kuwa na 1.0, nyingine 1.2. Pima pini ya AREF kwa multimita. Ukikuta 1.08, weka 108.0. Usiunganishe kitu kingine hapo.

4. Namba ikirukaruka, hilo ni tatizo jingine. Kaza waya wa GND, chukua vipimo 10, tafuta wastani. Ila ujue wastani hautibu kosa la hatua ya 1: namba iliyotulia inaweza kuwa imetulia kwenye uongo.

5. Weka kihisi usawa wa mayai, mbali na balbu. Pembeni yake weka kipimajoto cha homa cha dijitali, ulinganishe.

Vikikubaliana, ingiza trei.