Saratani ya Taya na Nchi za Joto

Mkazi wa Lufingo, katika miinuko ya Rungwe, akishuka kwenda Kyela kando ya Ziwa Nyasa, huacha nyuma ubaridi wa migomba na chai, akakuta joto na mbu wengi. Tofauti kama hiyo ndiyo iliyomfundisha daktari mmoja jambo kubwa kuhusu saratani.

Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland mwenye jicho moja, alikuwa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote nne. Wiki chache baadaye, huko Jinja, akamwona binti mwenye uvimbe ule ule. Wengine wangaliona ni sadfa tu. Mwishoni mwa 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa kiasi cha maili 10,000, toka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza swali moja katika kila hospitali: uvimbe huu wauona? Karibu na ikweta haukuonekana juu ya futi 5,000, na kadiri walivyokwenda kusini mpaka huo ulishuka. Mwenzao Alexander Haddow akatambua kwamba kilichopimwa hakikuwa mwinuko, bali joto na mvua. Yaani makao ya mbu.

Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, London, walitangaza kirusi walichokiona katika chembe za uvimbe huo. Jibu la ndani zaidi lilipatikana 1982: mara nyingi kipande cha kromosomu ya 8 huhamia kwenye ya 14, na jeni iitwayo MYC huangukia chini ya amri ya jeni za kingamwili, isizimike tena. Yaelekea malaria ya muda mrefu huchochea makosa hayo ya kukata na kuunga.

Lakini jeni hiyo huipa chembe udhaifu pia. Chembe inayogawanyika kila siku moja au mbili haipati nafasi ya kujitengeneza ikiharibiwa na dawa. Burkitt aliliona hilo miaka ya 1960, kabla sababu haijajulikana: dozi chache za saiklofosfamidi ziliyeyusha uvimbe kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Protini ya MYC yenyewe haina mahali pa dawa kushika, kwa hiyo watafiti huyaandama yale inayoyategemea.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Dalili ya kwanza ya ugonjwa huo mara nyingi ni meno ya mtoto kulegea kabla ya wakati, na kwa kasi yake, kuchelewa wiki mbili kufika hospitali ni kuchelewa sana.