Propela shafti ya kaboni: kilo unazolipia ni ngapi?

Hapa hosteli kuna imani moja kwa wapenda magari: ukitoa propela shafti ya chuma ukaweka ya kaboni, gari linageuka roketi. Nasomea ualimu wa Fizikia na Hisabati, kwa hiyo mabishano yakipamba moto naitwa kuamua. Safari hii nimeona niandike kabisa, maana kuna watu wanataka kutoa pesa.

Propela shafti ni lile bomba refu chini ya gari linalopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi difu ya nyuma. Tuchukue Ford Mustang, maana Wamarekani wanaibadilisha sana shafti yake. Ya kiwandani kwenye matoleo mengi ni ya chuma, vipande viwili, kilo 17 hivi. Ya aluminiamu, kipande kimoja, ni kama kilo 9. Umeokoa kilo 8.

Wabishi watasema kilo zinazozunguka zina thamani kuliko zilizotulia. Kweli, ila inategemea zimekaa umbali gani na mhimili. Za tairi ziko mbali, za shafti ziko sentimita 5 tu kutoka katikati. Nimepiga hesabu kwa shafti inayozunguka mara 3.5 kila tairi likizunguka mara moja: zile kilo 8 zinakuwa sawa na kilo 10 na ushee za mzigo wa kawaida. Yaani umeshusha dumu la maji la lita 10 kwenye buti. Basi, hiyo ndiyo roketi yenu. Rafiki yako mnene akibaki nyumbani, umepata zaidi ya hapo bure.

Sasa viwanda vinahangaikia nini? Urefu. Gari hilo likiwa kwenye kilomita 200 kwa saa, shafti inazunguka karibu mara 5,500 kwa dakika. Bomba refu likifika mwendo fulani linaanza kupepesuka katikati, kama kamba ya kuruka watoto. Ongeza urefu mara mbili, mwendo huo unashuka hadi robo. Ndiyo maana shafti ndefu ya chuma hukatwa vipande viwili na kuwekewa beringi katikati. Aluminiamu, watu wengi hawajui hili, haina ubora wowote hapo kwa yenyewe: ugumu wake ukigawanya kwa uzito wake unapata karibu jibu lilelile la chuma. Inasaidia kwa sababu unaweza kulinenepesha bomba bila kuliongezea uzito. Kaboni ndiyo inayoshinda kweli, ni ngumu na nyepesi kwa pamoja, kwa hiyo bomba moja refu linatosha.

BMW waliiweka kwenye M3 na M4 za 2014, kipande kimoja, bila beringi ya kati. Mwaka 2017 wakairudisha ya chuma, kwa sababu kichujio kipya cha moshi kilihitaji nafasi huko chini. Wenye kiwanda hawakulia.

Binamu yangu ana Subaru na anataka kaboni kwa sababu gari linatetemeka likifika 90. Nimemwambia akague krosi na beringi ya kati kwanza, halafu shafti ipimwe balansi. Ya chuma ikipinda au ikichoka, fundi anaipata njia: atabadilisha krosi, atachomelea, ataipima upya. Ya kaboni ikigongwa na jiwe ikapata ufa, hakuna wa kuichomelea, na joto la bomba la ekzosi nalo si rafiki yake.

Kaboni ina sifa moja nisiyoibishia: ikivunjika huwa inachanika nyuzinyuzi, wakati bomba la chuma linabaki zima na kupigapiga sakafu ya gari. Krosi ya mbele ikikatika, bomba hilo linaweza kudondoka na kuchimba barabara gari likiwa kwenye mwendo. Magari ya mashindano hufungiwa pete ya chuma kuizunguka shafti upande wa mbele ili isidondoke. Kama bumu limeingia na lazima ununue kitu cha shafti, anza na hiyo pete.