Kitovu cha Mtoto Njiti: Thamani ya Kusubiri Dakika Mbili

Mtoto anapozaliwa kabla ya wakati, mikono ya wahudumu huwa na haraka. Kitovu hubanwa na kukatwa papo hapo, kisha mtoto hukimbizwa kwenye meza yenye joto. Haraka hiyo ina nia njema, kwa kuwa mtoto ni mdogo na dhaifu. Hata hivyo, tafiti zinaonesha kwamba kwa wengi wa watoto hawa, kusubiri kidogo kabla ya kubana kitovu ni tiba yenyewe.

Mtoto njiti ni yule anayezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watoto milioni 13.4 walizaliwa njiti mwaka 2020. Matatizo yatokanayo na hali hiyo yanaongoza kwa kusababisha vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano duniani.

Damu iliyo kwenye kondo la nyuma

Akiwa tumboni, mtoto hupata hewa na lishe kupitia kondo la nyuma, hivyo sehemu ya damu yake huwa humo wakati wote. Kadiri mimba ilivyo changa, ndivyo sehemu hiyo inavyokuwa kubwa. Baada ya kuzaliwa, damu huendelea kumfikia kwa dakika chache. Kitovu kikibanwa mara moja, anayehitaji damu hiyo kuliko wote huikosa. Aidha, kikibanwa kabla hajavuta pumzi, moyo wake hupungukiwa ghafla na damu, kwa sababu mapafu bado hayajaanza kazi.

Ushahidi wa tafiti

Novemba 2023, jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi ulioongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia. Katika majaribio 20 yenye watoto njiti 3,292, waliobanwa kitovu mara moja walifariki takriban 8 kati ya 100 kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Waliocheleweshewa walifariki 6 kati ya 100. Uchambuzi wa pili, wenye watoto zaidi ya 6,000, ulionesha kuwa kusubiri dakika mbili au zaidi kulielekea kuwa na manufaa makubwa zaidi katika kuzuia vifo. WHO inashauri kusubiri kati ya dakika moja na tatu.

Kusubiri si kukaa bure

Kabla ya mtoto kuzaliwa, wahudumu wakubaliane nani ataangalia saa na nani atampokea mtoto. Njiti hupoteza joto upesi; kwa hiyo, wakati wa kusubiri, afunikwe vizuri, avalishwe kofia, na alazwe juu ya tumbo la mama huku upumuaji wake ukiangaliwa. Mama naye apewe dawa ya kuzuia kutokwa na damu kama kawaida.

Zipo hali zisizoruhusu kusubiri. Mtoto asipopumua baada ya kukaushwa na kuchochewa, na hakuna namna ya kumsaidia kupumua akiwa karibu na mama, kitovu kibanwe bila kuchelewa. Ndivyo ilivyo pia pale kondo linapoachia mapema, kitovu kinapokatika, au mama anapotokwa na damu nyingi.

Wapo wanaokamua kitovu ili kuisukuma damu haraka. Kwa mtoto wa chini ya wiki 28, njia hiyo ni ya hatari. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 lilisitishwa kwa watoto wa umri huo: 22 kati ya 100 waliokamuliwa kitovu walivuja damu nyingi ndani ya ubongo, ikilinganishwa na 6 kati ya 100 waliosubiriwa.

Kwa mama na familia

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI asiwe na hofu: ushauri wa WHO wa kusubiri unamhusu yeye pia. Mwenye dalili za uchungu kabla ya wakati awahi kituoni, na akifika ana haki ya kumuuliza mkunga: “Mwanangu atasubiriwa kabla ya kubanwa kitovu?” Swali hilo likiulizwa mapema, wahudumu hupata nafasi ya kujiandaa. Dakika mbili hizo hazihitaji mashine ya gharama. Zinahitaji saa ukutani, kitambaa kikavu chenye joto, na mhudumu anayejua kwa nini anasubiri.