Mirathi: Mjane na watoto wana haki hata kabla ya matanga kuanuliwa

Si jambo geni Kwale, kuanzia Lunga Lunga hadi Diani, mali ya marehemu kuanza kugawanywa hata kabla ya hitima ya arubaini. Shemeji mmoja achukua funguo za pikipiki, mwingine ahesabu minazi, naye mjane aliye ndani ya eda apata habari kupitia kwa watoto. Kikao cha ukoo hakina uwezo huo kisheria.

Kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kinakataza mtu yeyote kuchukua, kuuza au kugawa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini hiyo ni ndogo mno mbele ya bei ya ploti Diani, lakini aliyegusa mali hiyo pia huwajibika kwa msimamizi halali.

Mjane halazimiki kusubiri eda ya miezi minne na siku kumi iishe. Anaweza kumtuma mtu kwa chifu au naibu wa chifu. Chini ya kifungu cha 46, afisa huyo akiombwa na mwenye maslahi anapaswa kufika nyumbani kwa marehemu, kulinda mali na kutambua wenye haki.

Ugawaji wenyewe hutegemea dini ya marehemu. Kwa Mwislamu, mali hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi husikiza kesi iwapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kufika mbele yake. Gharama za mazishi na madeni hulipwa kwanza. Wengi husahau kwamba mahari ambayo mke hakulipwa ni deni, nalo hutolewa kabla ya urithi. Kisha mke hupata thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, au robo ikiwa hana. Tuseme zimebaki shilingi 1,600,000, na marehemu ambaye wazazi wake hawako hai ameacha mke, mwana mmoja na binti wawili. Mke atapata 200,000, mwana 700,000, na kila binti 350,000.

Kwa asiye Mwislamu aliyefariki bila wosia, mjane au mgane hupata vyombo vya nyumbani moja kwa moja, pamoja na haki ya kutumia mali iliyobaki maishani mwake. Ardhi hawezi kuiuza bila idhini ya mahakama, kwa kuwa baada yake ni ya watoto kwa mafungu sawa, binti aliyeolewa akiwemo. Penye wake wengi, mali hugawanywa kwanza kwa nyumba, kulingana na idadi ya watoto, na mke huhesabiwa kama mmoja zaidi.

Desturi ya zamani ya Wadigo, ambapo mpwa alirithi mali ya mjomba wake, bado hutajwa vikaoni. Haiwezi kuwaondoa watoto wa marehemu katika urithi. Mwezi Juni 2025, Mahakama ya Upeo pia iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa hawawezi kunyimwa urithi wake kwa sababu hiyo.

Haki nyingi hupotelea kwenye barua ya chifu, ambayo huorodhesha waliobaki. Mjane aisome, au asomewe, kabla haijapelekwa mahakamani. Hati ya usimamizi iliyopatikana kwa kuficha jina la mrithi yaweza kufutwa wakati wowote.

Katika kumchagua msimamizi, kwa kawaida mahakama humtanguliza mjane au mgane. Penye watoto wadogo, wasimamizi huwa wawili au zaidi. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kwa siku 30, na hati huthibitishwa baada ya miezi sita, ingawa mahakama yaweza kuharakisha.

Anayefungua kesi abebe cheti cha kifo, barua ya chifu, kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa kama kipo, na nakala ya hatimiliki. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba usaidizi wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, au ofisi ya FIDA Kenya iliyoko Mombasa.