Kelele hurudi toka mwambani

Ndugu mfanyakazi, ukiwa ufukoni Baraka, tazama wimbi la Tanganyika likigonga mtumbwi: linarudi, linatawanyika. Sauti ya kompresa nayo hufanya hivyo shimoni, huko Misisi au kwingine katika Fizi. Mwamba hauimezi. Wahandisi wanaotaka kuijua hawahesabu hewa yote ya shimo. Hugawa uso wa mashine na wa mwamba kuwa vipande vidogo, kisha kompyuta hukokotoa sauti ya kila kipande inavyofikia vingine. Toka hapo hujulikana kelele ya kila mahali. Kwa desibeli 85, mwisho ni saa 8. Kwa 88, saa 4 tu. Usivue vizibo vya masikio. Nawe mama, mumeo akizidi kuongeza sauti ya redio, mwambie akapimwe masikio.