Je, Wajua? Mashine ya wakati imepita Beni

Je, wajua kwamba ukivuka Kasindi, mashariki mwa Kongo, kuingia Mpondwe, Uganda, unaruka saa nzima mbele? Saa nne asubuhi upande wa Beni, ng'ambo ni saa tano. Kinshasa nayo iko saa moja nyuma ya Beni, na nchi ni ileile.

Je, wajua kwamba The Time Machine, riwaya ya H. G. Wells, ilitoka London mwaka 1895? Wakati huo Kongo nzima ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II, na wanavijiji walilazimishwa kugema mpira. Jamii ya kutisha ambayo Wells aliibuni, babu zetu walikuwa ndani yake.

Je, waujua mfupa wa Ishango? Mbelgiji Jean de Heinzelin aliufukua mwaka 1950, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Una miaka 20,000 hivi, nao umechanjwa alama katika safu tatu. Moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Wapo watafiti wanaoamini ni kalenda ya mwezi. Leo uko Brussels. Natamani kijana wa Butembo aanzishe riwaya yake kwa mfupa huo.

Je, wajua kwamba Beni na Butembo zilipangiwa kupiga kura baada ya rais kuapishwa? Uchaguzi wa 30 Desemba 2018 uliahirishwa huko hadi Machi 2019, sababu zikitajwa kuwa Ebola na usalama. Rais aliapishwa 24 Januari. Lakini siku ile ya Desemba watu wa Beni walijiwekea vituo vyao, wakanawa mikono, wakapanga foleni, wakapiga kura ambayo tume ya uchaguzi haikuihesabu. Hakuna mtunzi aliyenipa ukurasa kama huo.

Je, wajua kwamba dawa moja iliyowatibu wagonjwa wa Ebola huko ilianzia mwaka 1995? Mtu aliyepona Ebola mjini Kikwit mwaka huo alitolewa damu miaka 11 baadaye, na kingamwili iliyopatikana humo ikazaa dawa hiyo, mAb114, iliyoanza kujaribiwa rasmi Novemba 2018. Wagonjwa wengine walilazwa katika vyumba vya plastiki angavu: muuguzi anaingiza mikono kwenye glovu zilizoungwa ukutani, mama yuko nje anamwona mwanawe.

Je, wajua kwamba Kiswahili kina chombo chake cha angani? Katika Walenisi (1995), riwaya ya Mkenya Katama Mkangi, Dzombo aliyehukumiwa kifo anarushwa nacho, akafika nchi ya usawa. Mkangi mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa.